Mama Chanzo

Wanafunzi walimwita Mama Chanzo, na walidhani hajui. Alijua. Mwalimu aliyefundisha somo moja miaka tisa anajua anavyoitwa nyuma ya mgongo wake, na huyu aliona kwake kuna nafuu, maana mwenzake wa chumba cha pili, mwalimu wa takwimu, alikuwa anaitwa Jokofu.

Jina lilitokana na kalamu yake nyekundu. Kazi aliyowapa kila mwaka ilikuwa ile ile: kila mwanafunzi achague makala ya filamu kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na mtu yeyote anaweza kuifuta, aitengeneze mpaka isomeke. Wao waliandika huko huko mtandaoni. Yeye alichapa makala zao kwenye karatasi, kwa sababu macho yake na skrini walishagombana zamani, kisha akakaa na kalamu yake. Neno lililotoka kwenye kalamu hiyo mara nyingi kuliko yote lilikuwa hilo moja: Chanzo? Nani kasema? Kitabu gani, gazeti gani, ukurasa wa ngapi? Aliliandika pembeni, aliliandika katikati ya mistari, na kuna siku aliota analiandika.

Mwaka huu wanafunzi walikuwa kumi na wanne, naye alikuwa amechoka. Na usidhani ni ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Huu ulikuwa wa kushika karatasi ya kwanza huku unajua ya kumi na nne itasema nini.

Kulikuwa na kijana ambaye yeye kimoyomoyo alimwita Muhtasari. Huyo alisimulia filamu ya saa moja na nusu kwa maneno elfu nne, mpaka na rangi ya mapazia. "Mwanangu," alimwandikia, "anayetaka kujua yote haya ataitazama mwenyewe. Maneno mia nne yanatosha. Mapazia tuachie." Kulikuwa na mwingine, Bora Kabisa, ambaye kila filamu kwake ilikuwa bora kabisa na iliutikisa ulimwengu. "Iliutikisa kwa mujibu wa nani? Chanzo? Mimi nilikuwepo ulimwenguni mwaka huo na sikutikisika." Aliandika hivyo, akacheka peke yake, kisha akaona si haki, akaongeza chini: "Aya ya pili ni nzuri. Anzia hapo." Ndiyo kazi yenyewe. Unamkaripia mtoto wa watu kwa mkono huu na kumshika asianguke kwa mkono huu, mara kumi na nne, halafu unaanza upya na rasimu ya pili.

Halafu kulikuwa na Kimya.

Binti huyo alikaa karibu na dirisha tangu muhula uanze, na hakuna aliyesikia sauti yake zaidi ya "nipo" majina yakiitwa. Lakini kazi yake ilisema. Sentensi fupi, vyanzo mstari kwa mstari, mbwembwe hakuna. Mwalimu alizoea kuibakiza karatasi ya Kimya iwe ya mwisho, kama mtu anayesogeza kipande cha nyama pembeni mwa sahani akile baadaye. Alasiri hiyo, nyumbani kwake kwenye meza ya kulia, aliifikia, akanyoosha mgongo, akaanza kusoma kwa raha zake.

Filamu aliyoichagua Kimya ilikuwa ya zamani, ya miaka hamsini iliyopita, ile ya mkuu wa stesheni anayesubiri barua. Mwalimu ndiye aliyemruhusu kuichagua. Aliruhusu kwa moyo mzito kidogo, na sababu hakumwambia mtu.

Kwenye aya ya nne alikutana na jina la mama yake mzazi. Majina yote matatu, hakuna hata herufi moja iliyokosewa. "Ingawa orodha ya majina inamtaja mkuu wa idara kuwa mhariri," Kimya aliandika, "filamu hii ilikatwa na kuungwa na," na hapo ndipo lilipokaa jina, "ambaye aliifanya kazi hiyo kwa mkasi na subira kwa wiki kumi na moja."

Mwisho wa sentensi hapakuwa na kitu. Hakuna kitabu, hakuna gazeti, hakuna ukurasa. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi tayari, na haikushuka.

"Mbona umenyamaza?" Mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

Mama alikuwa na miaka themanini na mitatu, na alikaa kwenye kiti kile kile karibu na dirisha la sebuleni tangu macho yamwishe. Alibaki na mwanga na vivuli basi. Lakini masikio, weee! Alisikia friji ikibadilisha mlio, alisikia jirani wa juu akivua viatu, na alisikia kalamu ya binti yake ikisita.

"Mama, ulizungumza na mwanafunzi wangu?"

"Yupi?"

"Yule aliyeniletea karatasi za chuo wiki ile nilipokuwa naumwa."

"Ah, yule binti! Jamani, anaongea yule. Saa mbili nzima hakufunga mdomo."

"Kimya? Saa mbili?"

"Mimi najuaje mnavyomwita huko. Aliingia, akanisalimia shikamoo bibi, nikamwuliza unasoma nini, akaniambia anaandika habari za picha fulani ya stesheni. Nikamwambia hiyo niliikata mimi. Basi akavuta kiti. Wewe ulikuwa umelala. Kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya."

"Ameandika?"

"Ameandika."

Mikono ya Mama, ambayo daima ilikuwa inakunja na kukunjua upindo wa kitenge, ilitulia. "Jina langu?"

"Ndiyo, Mama."

"Soma."

Mwalimu alisoma ile sentensi. Mama alisikiliza ameinua kidevu.

"Wiki?" alisema. "Nilimwambia miezi. Miezi kumi na moja. Wiki kumi na moja unakata tangazo la sabuni." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Mwalimu hakuwahi kuisikia kwake: "Soma tena."

Ilikuwa kweli, na Mwalimu hakuhitaji kuambiwa na mtu. Yeye mwenyewe alikuwepo. Alikuwa na miaka saba, hakukuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo baada ya shule alikaa chini ya meza ya kukatia filamu akiokota vipande vilivyodondoka. Alikumbuka mikanda iliyoning'inia kwenye misumari ukutani, harufu kali ya gundi, miguu minne ya kina mama wawili waliokaa kwenye meza ile, na miguu ya mama yake ikigonga sakafu polepole, moja, mbili, moja, mbili, kuhesabu picha inapaswa ikae muda gani kabla ya kukatwa. Saa kumi jioni viatu vyeusi viliingia. Huyo alikuwa bwana mkubwa, mkuu wa idara. Alitazama walipofikia, akasema vizuri, akaondoka. Filamu ilipotoka, jina lake lilikaa peke yake kwenye kioo kwa herufi kubwa: Mhariri.

Mama hakuwahi kulalamika. Lakini miaka yote, filamu hiyo ilipooneshwa kwenye televisheni, aliitazama mpaka mwisho akinong'ona, "Hapa nilichelewa, hapa nimepata, hapa mwongozaji alinigombeza," halafu majina yalipoanza kupita alinyanyuka kwenda kunywa maji. Kila mara. Kiu ya Mama ilikuja na majina, na nyumbani hakuna aliyethubutu kuiuliza.

Sasa ameandikwa. Na aliyepaswa kuandika Chanzo? pembeni ya jina lake ni mtoto wake wa kumzaa.

Mwalimu aliigeuza karatasi ya Kimya juu chini, akaiweka chini ya nyingine zote. Nitaiangalia kesho, alijiambia. Kesho yake alijiambia hivyo hivyo.

Na alasiri ikawa na desturi mpya. Akirudi kutoka chuoni, kabla hata hajavua viatu, Mama alikuwa anauliza, "Bado ipo?" Mwalimu alifungua simu, akatafuta ile makala, akamsomea yote, kuanzia mkuu wa stesheni mpaka kwenye sentensi ile, na Mama alitikisa kichwa. "Wiki," alisema kila siku kwa dharau. Na kila siku alikula vizuri usiku wake. Siku ya tano aliomba achanwe nywele. Siku ya tisa filamu nyingine ya zamani ilioneshwa kwenye televisheni, majina yakaanza kupita, na Mama hakunyanyuka. Alibaki amekaa, mikono mapajani, mpaka muziki ukaisha. Mwalimu alikwenda jikoni yeye, akafungua bomba, akalia humo ndani maji yakimwagika.

Utasema si angeiacha tu? Sentensi moja, kwenye makala ambayo labda watu ishirini wanaisoma kwa mwezi, na tena ya kweli. Nani angejua?

Angejua Ngoma. Ngoma alikuwa mwanafunzi wa mwaka uliopita, kijana mpole, mrefu mpaka anainama mlangoni. Aliandika kwenye makala yake kwamba ngoma zinazosikika mwanzo wa filamu fulani zilipigwa na babu yake. Hakuwa na gazeti wala kitabu, alikuwa na babu. Mwalimu aliandika Chanzo?, Ngoma akaja ofisini, akasema babu ndiye aliyemwambia, na babu hasemi uongo. Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba hakuna anayemwita babu mwongo, ila msomaji hamjui babu, na ensaiklopidia haiandiki tunachokijua, inaandika kilichochapishwa na mtu mwingine asiye wa nyumbani kwetu. Kisha akaifuta ile sentensi mwenyewe, mbele yake. Ngoma alisema, "Nimeelewa, Mwalimu," akainama mlangoni, akatoka. Mwalimu alisikia fahari siku ile. Aliona ametenda haki.

Wiki tatu zilipita tangu alasiri ile, naye alikuwa bado hajarudisha karatasi za darasa. Wanafunzi walianza kunong'ona. Yeye, ambaye hajawahi kuchelewesha kazi hata siku mbili, aliingia darasani mikono mitupu na kuwaambia anaumwa kichwa. Kichwa kilimuuma kweli, Mungu hapendi uongo.

Siku hiyo Kimya alinyoosha mkono.

Darasa zima liligeuka. Bora Kabisa alisema, "Makubwa!" na wenzake wakamtuliza. Kimya alisimama, akatoa kwenye begi gazeti lililokunjwa vizuri, akalipeleka mpaka mezani kwa Mwalimu kwa mikono miwili.

"Chanzo kimepatikana, Mwalimu," alisema. "Kile cha sentensi ya aya ya nne. Nilijua ndicho unachokisubiri."

Ukurasa wa burudani ulikuwa na makala ndefu ya kuadhimisha miaka hamsini ya ile filamu. Katikati lilikuwepo jina la mama yake, limechapishwa kwa wino, kwenye gazeti ambalo watu walilinunua. Mwalimu aliliona, na kwa muda wa pumzi moja alifurahi kama ambavyo hakuwahi kufurahi mwaka mzima. Ee Mungu, alisema moyoni, asante. Darasa lilikuwa linapiga makofi. Muhtasari alipiga mluzi.

Kisha akaisoma sentensi nzima. "Aliifanya kazi hiyo kwa mkasi na subira," mwandishi wa gazeti alisema, "kwa wiki kumi na moja."

Aliisoma tena. Akatazama tarehe juu ya ukurasa. Gazeti lilitoka siku kumi na mbili baada ya Kimya kuandika. Mwandishi yule hakumhoji mtu yeyote. Alikaa mezani kwake, akafungua ensaiklopidia, akanakili sentensi ya Kimya na kosa lake juu, kwa sababu duniani kote hakuna mtu mwingine aliyesema wiki. Mama alisema miezi.

"Kaeni," Mwalimu aliwaambia.

Kuna somo ambalo alilifundisha kila mwaka, wiki ya tatu ya muhula. Linahusu hila moja ya kazi hii, ambayo hata hodari huingia bila kujua: unaandika jambo lisilo na chanzo, mtu wa gazeti analinakili kwako, halafu wewe unalitaja gazeti kuwa chanzo chako. Jambo limejizaa lenyewe. Mwaka huu, wiki ya tatu, Mwalimu alikuwa kitandani na homa, na somo halikufundishwa. Kwa hiyo kosa lilikuwa lake. Angechelewa na karatasi ile wiki moja tu badala ya tatu, au angefundisha alichopaswa kufundisha, binti huyu asingesimama mbele ya watu akiwa amebeba gazeti kama zawadi.

Alikwenda ubaoni. Alichora duara, upande huu akaandika makala yetu, upande huu akaandika gazeti, akachora mshale kutoka huku kwenda kule, na mwingine kutoka kule kurudi huku. Hakutaja makala ya nani. Hakukuwa na haja. Makofi yalishakufa, na aligeuka akamkuta Kimya anautazama ubao, uso umemshuka.

Wenzake walipotoka, Kimya alibaki.

"Wameninakili mimi," alisema.

"Ndiyo. Na kosa juu. Mama alikuambia miezi, si wiki."

"Kumbe hukuwa unasubiri chanzo."

"Nilikuwa naogopa kuisoma karatasi yako," Mwalimu alisema. Hakuwa na nguvu ya kutafuta jibu lingine. "Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza. Nisamehe. Itabidi itoke."

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli."

"Unajua ni kweli! Bibi alinionesha vidole vyake, Mwalimu, vile vilivyobaki na makovu ya wembe. Kama ni wiki nilikosea, narekebisha sasa hivi, naandika miezi. Itakuwa kweli tupu."

"Nani kaandika miezi? Gazeti gani?"

Kimya alimtazama kama hamjui. "Huyu ni mama yako," alisema.

"Ndiyo maana siwezi. Ningekuwa na mama mwingine, huenda ningejisahau." Mwalimu alikaa kwenye dawati la mbele, lile la wanafunzi, magoti yakagusa chuma. "Mwaka jana nilimfuta babu wa mtu. Nilimfuta, na babu huyo alikuwa bado mzima. Nimeandika barua kwenye hifadhi ya nyaraka, kwenye maktaba, kwa wajukuu wa mwongozaji. Unadhani sijatafuta? Miaka sita nimetafuta karatasi moja iliyochapishwa yenye jina la mama yangu. Hakuna. Wale kina mama hawakuandikwa popote, ndiyo shida yenyewe."

"Basi mimi siifuti," Kimya alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyajali. "Nipe sifuri. Siifuti kwa mkono wangu." Alichukua begi, akaliacha gazeti mezani, akatoka.

Mwalimu aliifuta mwenyewe, ofisini, saa tisa alasiri. Haikuchukua hata dakika. Unaweka alama mwanzo wa sentensi, unavuta mpaka mwisho, unabonyeza. Chini kuna kisanduku cha kueleza sababu ya badiliko, na hapo aliandika maneno aliyoyaandika mara elfu: Haina chanzo. Aya ya nne ilijifunga kama maji, na bwana mkubwa akabaki mhariri peke yake.

Kisha aliitoa karatasi ya Kimya kutoka chini ya zote, akaandika maoni ambayo alichelewa nayo wiki tatu. "Kazi bora kuliko zote darasani. Muhtasari una urefu unaofaa. Vyanzo vya aya ya kwanza hadi ya tatu ni vya kuaminika, umevipanga vizuri. Gazeti la miaka hamsini usilitumie, sababu unaijua sasa. Nimeondoa sentensi moja. Ilikuwa kweli."

Aliitazama ile sentensi ya mwisho. Mkono, kwa mazoea tu, ulikwenda pembeni ukaandika Chanzo?

Halafu akajibu chini yake, kwa kalamu hiyo hiyo: "Mimi. Nilikuwa chini ya meza."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alipanga atakavyomwambia Mama. Angesema kwa utaratibu, kama alivyowaeleza wanafunzi. Angemweleza duara. Mama alikuwa mtu wa kazi, angeelewa. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili akirudia maneno, akafungua mlango, na Mama alikuwa amekaa kitini, amevaa gauni lake la bluu, nywele zimechanwa.

"Bado ipo?"

"Ipo, Mama," Mwalimu alisema.

Lilimtoka. Miaka tisa ya kuwabana watoto wa watu kwa kila neno, na yeye alidanganya kabla hajaweka mkoba chini. Alikaa, akafungua simu, akaanza kusoma. Mkuu wa stesheni, barua isiyofika, mwaka wa kutoka, waigizaji. Aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika mahali penyewe kwenye aya ya nne, kwenye simu hapakuwa na kitu, akasema kutoka kichwani: filamu hii ilikatwa na kuungwa na, majina yote matatu, kwa mkasi na subira, kwa wiki kumi na moja. Akaendelea na aya ya tano.

Mama hakusema "wiki" kwa dharau. Hakutikisa kichwa.

"Rudi nyuma," alisema. "Pale kwangu."

Mwalimu alirudi nyuma, akasema tena.

"Pameungwa hapo," Mama alisema.

"Pameungwa vipi, Mama?"

"Umevuta pumzi kabla ya kuingia. Na ulipotoka umekimbia. Siku zote husomi hivyo, siku zote unapita moja kwa moja." Aligeuza uso kuelekea ilipo sauti. "Wewe mtoto. Mimi nimeunga mikanda maisha yangu yote. Kiungo nakijua hata nikiwa usingizini. Hicho ulichosoma hakimo tena."

Mwalimu aliiweka simu mezani. Alitaka kusema habari za duara, akashindwa hata kuanza. "Hakimo," alisema. "Kimetoka leo."

"Kimetolewa na nani?"

"Na mimi. Kwa mkono wangu." Na hapo alilia, mwanamke wa miaka hamsini na saba, mbele ya mama yake, kwa kwikwi kama mtoto. Alisema amechoka, alisema hakuna karatasi, alisema babu wa Ngoma, maneno yaliyopangwa vizuri kwenye ngazi yakatoka yamevurugika yote.

Mama alimwacha amalize. Kisha akamsikiliza jirani wa juu akivua kiatu cha kwanza, akivua cha pili.

"Nilijua jina halitakaa," alisema mwishowe. "Tangu siku ya kwanza nilijua. Ila nilidhani atakayelitoa atakuwa mtu mwingine."

Hilo lilimwingia Mwalimu, na likabaki humo.

"Na zile wiki?"

"Zimetoka pia."

"Hizo afadhali." Mama alifuta uso kwa upindo wa kitenge, mara moja, haraka, kama anayefuta vumbi. "Basi nisomee. Lakini unisomee ilivyo. Usiniungie."

Mwalimu alipangusa macho, akachukua simu, akaanza upya. Mguu wa Mama ulianza kugonga sakafu, polepole, moja, mbili, moja, mbili, kama alivyousikia akiwa chini ya meza. Aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne alisoma kwamba mhariri alikuwa mkuu wa idara, na hakuvuta pumzi, na hakukimbia, akapita moja kwa moja hadi ya tano.

Mguu ulisimama.

"Hapo," Mama alisema. "Hapo sasa pamekaa sawa. Hakuna atakayejua kwamba kuna kitu kilikatwa."

Kisha akashika mikono ya kiti, akajiinua, akaomba apelekwe jikoni akanywe maji.